Tulipoacha Lami Laisamis

Mume wangu alikuwa mtu wa maneno machache mpaka umvushe Isiolo. Nililijua hilo nikiwa nimeishi naye miaka mingi na watoto wetu wamemaliza shule ya msingi, na hadi leo sijui kama nicheke au nisikitike kwa kuchelewa kulijua.

Alikuwa fundi wa magari. Tulipooana alikuwa na gereji ndogo mjini Meru, na mimi nilikuwa mwalimu kwetu Mitunguu. Nilipopata uhamisho kwenda Embu alifunga gereji bila kunung'unika, akapakia jeki na spana zake, akafungua nyingine huko. Tukapanga nyumba mtaa wa Majimbo. Wateja walimwamini kwa sababu hakuwa na porojo. Akikwambia klachi imekwisha, imekwisha.

Lakini kazi aliyoipenda haikuwa ya gereji. Kulikuwa na watu wa Nairobi, wenye ajira nzuri za ofisini, ambao raha yao ilikuwa kuchukua magari makubwa, yale yanayosukumwa na magurudumu yote manne, wakaenda kuyatesa jangwani, ng'ambo ya Laisamis mpaka Chalbi. Hawakuwa na biashara huko wala hawakufuata simba. Walitaka njia mbaya, na kadiri ilivyokuwa mbaya ndivyo walivyofurahi. Mmoja wao alimchukua mume wangu mara moja awe fundi wa msafara, na tangu hapo hawakutoka bila yeye. Mume wangu alikuwa na Landkruza kuukuu, rangi ya majani makavu, aliyoifufua kwa mikono yake kutoka kwenye mabaki ya magari mawili. Yeye alitangulia, wengine wakafuata vumbi lake.

Aliondoka kila Agosti, na pengine tena Februari kabla ya mvua. Huko simu hazishiki, kwa hiyo nilikaa tu. Embu mwezi wa nane ni manyunyu na ukungu, nguo hazikauki, na mimi nilikuwa nikisimama dirishani na kikombe cha chai nikijaribu kufikiria jua analolipata mwenzangu. Akirudi alikuwa amekonda, midomo imepasuka, na usingizi wake ulikuwa kama wa mtu aliyepigwa. Nilizikung'uta nguo zake nyuma ya nyumba. Vumbi lake halikuwa jekundu kama letu. Lilikuwa jeupe, laini kama unga, na lilikuwa na chumvi. Najua kwa sababu nililionja.

"Huko kulikuwaje?" nilimuuliza.

"Kuzuri."

"Kuzuri vipi?"

Alifikiri kidogo. "Kuna jua."

Basi. Mimi nimelelewa Mitunguu, ambako wanawake huongea kutoka shamba la ndizi hadi shamba la ndizi huku wakifungulia maji mifereji, na jambo likianza asubuhi linamalizika jioni. Nyumba ya kimya ilinichosha. Nilikuwa nikimkosa akiwa safarini, kisha akirudi nilimkosa zaidi, maana sasa alikuwa ameketi mbele yangu.

Likizo moja ya Agosti nikamwambia nataka kwenda naye. Alikuwa anafuta mafuta mikononi kwa kitambaa. Aliendelea kufuta mpaka nikadhani hakusikia.

"Gari linatingisha," akasema hatimaye.

"Sijasema nina mayai."

Akacheka kwa pua, na hiyo ilikuwa ndiyo.

Tulitoka Embu alfajiri, tukapita Chuka na Nkubu, tukaingia Meru, tukashuka Isiolo. Njia yote hiyo alisema kama anavyosema siku zote. Akaniuliza kama nimefunga mlango wa jikoni. Isiolo tukakutana na wateja wake, magari manne yenye matairi kama mapipa, wakasalimiana naye kwa heshima iliyonishangaza. Archer's Post tukapita, Merille tukapita. Laisamis tukaiacha lami, tukaingia njia ya Korr.

Hatua chache baada ya lami akasimamisha gari, akashuka. Akapiga goti kwenye kila tairi na kuliachia upepo, sikio likiwa karibu na vali kana kwamba anasikiliza moyo wa mtoto. Wengine nao wakafanya vivyo hivyo. "Tairi ngumu inachimba mchanga," aliniambia kupitia dirishani. "Ikilegea inatandazika kama unyayo wa ngamia." Akapanda, akaingiza gia nzito, akaondoa gari taratibu. Kisha akaanza kuongea.

Sikuamini masikio yangu. Aliongea kuhusu mawe yale meusi, jinsi ya kuyapanda polepole na kuyashuka polepole zaidi. Alinionyesha tofauti ya mchanga unaong'aa na mchanga uliofifia, na akasema ule uliofifia ndio wa kuogopa. Kutoka hapo akarukia utoto wake Kibirichia. Kumbe asubuhi ambazo ukungu haukuwepo, akiwa anapalilia viazi na mama yake, alikuwa akiiona nchi hii kavu kule chini, imelala pana na ya rangi ya ngozi, na mlima mmoja uliosimama peke yake kama meza. Kibirichia ni baridi, vidole vinaganda ukivuna viazi, na yeye mtoto alikuwa akisimama na jembe mkononi akitazama joto la watu wengine. Mama yake alimrushia donge la udongo. "Viazi viko chini ya miguu yako!" Alimwigiza mama yake kwa sauti nyembamba, nami nikacheka mpaka nikajigonga kichwa kwenye kioo.

Aliimba pia. Nyimbo za kanisani, beti zikiwa zimechanganyika, ya pili mbele ya ya kwanza. Kanisani kwetu hufungua mdomo tu kwa kustahi watu.

Tulipiga hema karibu na Kargi, kwenye miti michache ya migunga. Upepo wa huko ni kama mtu anayekusukuma kwa kiganja cha moto. Kesho yake njia ilizidi kupungua, ikawa alama mbili tu ardhini, kisha alama moja, kisha hakuna. Mbele yetu ikatokea Chalbi. Sijui niielezeje. Zamani ilikuwa ziwa, na sasa ni sakafu nyeupe iliyopasukapasuka, inayokwenda mpaka macho yanachoka. Mazigazi yalikuwa yameweka maji kila upande, na ngamia wa mbali walikuwa wanatembea juu ya maji hayo bila miguu.

Hapo akasimamisha gari, akatoka upande wake, akanifungulia mlango.

"Mwalimu, kaa pale. Shika usukani."

"Mimi sijui kuendesha gari!"

"Utagonga nini?"

Nikashika. Nilizima injini mara kadhaa, kisha gari likaenda, na yeye akakaa pembeni mikono mapajani kama abiria wa kawaida. Niliendesha nikipiga kelele. Nilikata kona pale ambapo hapakuwa na haja ya kona. Nilipogeuka kumtazama alikuwa ananitazama mimi, si njia, na uso wake ulikuwa wazi kabisa, wa mtu ambaye sikuwa nimewahi kukutana naye.

Kurudi ndiko kuliniumiza. Tulijaza tena matairi Laisamis, tukapanda lami, na maneno yakaanza kumwishia. Isiolo bado alikuwa anaeleza jambo la ekseli. Tulipopanda mlima kuelekea Subuiga na baridi ikaanza kuingia dirishani, akawa anajibu kwa neno moja. Chuka alikuwa amenyamaza. Nilimshushia mizigo Majimbo nikiwa na hamu ya kulia, kama mtu anayesindikizwa nyumbani na rafiki, kisha rafiki akageuka njiani.

Tulikwenda pamoja mara nyingine mbili, na kila mara ilikuwa vilevile. Nilijua mahali pa kumpata. Mwaka mzima niliupitisha nikingoja Agosti, nikisahihisha madaftari ya watoto huku akili ikiwa kwenye mawe meusi ya njia ya Korr.

Halafu macho yakaanza. Alikwaruza gari la mteja kwenye geti la gereji, geti alilolipita kila siku. Akasema ni jua. Nikamwona akipapasa kikombe mezani. Daktari alituambia ni presha ya macho, kwamba imekuwa ikila kimyakimya kwa miaka mingi kutoka pembeni kuja katikati, na kwamba dawa ingezuia kilichobaki tu, haingerudisha kilichokwenda. Kilichobaki kilikuwa kidogo, na dawa hazikukizuia sana. Ndani ya muda usio mrefu akawa anatofautisha mwanga na giza, na zaidi ya hapo hapana.

Gereji aliwaachia mafundi wenzake. Landkruza ikabaki uani chini ya turubai. Mchana alikuwa akienda kukaa ndani yake, kiti cha dereva, mlango ukiwa wazi. Nilimpelekea chai huko. Sikumuuliza anafikiria nini, maana nilijua jibu lingekuwa "hakuna."

Ndipo nikajiandikisha kujifunza udereva, mwanamke wa umri wangu, nimebakiza muda mfupi nistaafu. Walimu wenzangu walinicheka, kisha wakazoea. Nilipopata leseni nikamwambia, "Agosti tunaenda Chalbi. Mimi nitaendesha."

Alikuwa anakula ndizi za kuchemsha. Akaacha kutafuna. "Peke yetu hapana. Gari moja jangwani ni kaburi."

Kwa hiyo nikampigia simu mteja wake wa zamani, mhasibu wa Nairobi, aliyekuwa akienda naye misafara yote. Hakuniacha nimalize. "Mama, niko nyuma yenu," akasema. Binti yetu mkubwa yeye alipiga simu akiwa karibu kulia. "Mum, serious? Baba haoni, na wewe umeanza kuendesha juzi!"

"Ndiyo maana mhasibu anakuja," nikamwambia.

Tulikwenda. Laisamis nikaiacha lami, nikasimama palepale, nikashuka na kupunguza upepo wa matairi. Yeye naye alishuka, akazunguka gari mkono ukiwa juu ya bodi, akabonyeza kila tairi kwa kiganja. Kwenye la nyuma kushoto akatikisa kichwa. "Bado." Nikaachia kidogo. "Hapo."

Nikapanda, nikaingiza gia nzito, nikaondoa gari taratibu, kisha nikangoja.

Hakusema kitu.

Nikajiambia anangoja mawe. Mawe yakaja, nikayapanda polepole na kuyashuka polepole zaidi, jasho likinitiririka mgongoni. Kimya. Tulipita Korr. Wanawake wa Kirendille walikuwa wanachota maji kisimani, wakatupungia mikono, nami nikapunga kwa niaba yetu sote wawili. Kimya. Nilikuwa nimesafiri njia yote hiyo kumfuata yule mtu wangu, na kumbe hata huku hayupo. Hasira ikanipanda, hasira ya kipumbavu, mtu huwezi kumkasirikia kipofu kwa kunyamaza. Nikakanyaga mafuta pale nilipopaswa kuachia, na katikati ya laga moja, ile mito mikavu ya mchanga mtupu, gari likazama hadi kwenye ekseli.

Nilizima injini nikalia. Nililia kwa sauti, sikujali mhasibu anatuona kutoka ukingoni.

Mume wangu akashuka. Nilimsikia akipapasa mchanga kuzunguka magurudumu, kisha akaniomba sepetu na vile vibao vya chuma vya kuweka chini ya matairi. Mhasibu akakimbia kusaidia, naye akamwambia, "Wewe ngoja kwanza." Akachimba kwa mikono mwenyewe, polepole, mchanga ukimwagika tena ndani na yeye akiutoa tena. Nikashuka, nikapiga magoti upande wa pili, nikachimba.

"Unalia nini?" akaniuliza kutoka chini ya gari.

"Huongei."

"Niongee nini?"

"Huku ulikuwa unaongea! Nyumbani umeninyima maneno maisha yetu yote, huku nikayapata, na sasa nimekuja mpaka huku na huku pia umeninyima."

Aliacha kuchimba. Kati yetu kulikuwa na gurudumu, kwa hiyo niliona mikono yake tu, imejaa mchanga hadi viwiko.

"Nilikuwa naongea kwa sababu nilikuwa naona, mwalimu. Sasa ni wewe unaona. Mimi nimekaa hapo tangu Laisamis nikingoja uniambie kuna nini, na wewe umenyamaza kama mawe."

Tuliweka vibao, mhasibu akatuvuta kwa kamba, gari likatoka laga likiunguruma.

Upande wa pili wa laga nikaanza. Mwanzoni niliongea kama mtu anayesoma ubao. Kuna mti. Kuna mbuzi. Akaniuliza, "Mbuzi wa rangi gani?" Nikasema weupe, vichwa vyeusi. "Hao ni kondoo," akasema, na nikasikia kicheko kwenye sauti yake. Nikamwambia mchanga umefifia mbele kulia. "Pita kushoto." Nikamwambia ngamia wanavuka, mmoja ni mweupe kama maziwa ya kwanza, na mtoto wake amemficha nyuma ya miguu. Akauliza anayewachunga amevaa nini. Nikamwambia. Nikamwambia kuhusu wingu dogo lililokuwa peke yake, na kivuli chake kinavyotembea juu ya nchi kama ng'ombe aliyepotea. Sijui maneno hayo niliyatoa wapi. Nimefundisha insha maisha yangu yote na sijawahi kuandika moja ya kwangu. Niliongea hadi Kargi, koo likakauka, na yeye akawa ananipa chupa ya maji bila kuombwa ili nisikatishe.

Chalbi hatukuivuka. Tulipoufikia ukingo wake ilikuwa imenyeshewa, jambo ambalo si la Agosti, na ile sakafu nyeupe ilikuwa imegeuka tope la kijivu linalong'aa. Mhasibu alitembea juu yake kidogo, kiatu kikabaki. Nilitaka tungoje. Mume wangu akainama, akachukua tope kidogo kwa vidole, akalinusa.

"Hii itachukua wiki," akasema. "Turudi."

"Nilitaka ufike."

"Nimefika. Niambie tu inakaaje."

Nikamwambia. Nilikawia sana kumwambia, na jua lilikuwa kali, na mhasibu akaenda kukaa kwenye kivuli cha gari lake akatuacha.

Hiyo ilikuwa safari ya mwisho. Agosti iliyofuata magoti yake yalikuwa yameanza kuvimba, na iliyofuata hiyo nikawa nimestaafu na mimi ndiye niliyelazwa. Sasa watoto wanasema Landkruza inakula nafasi tu uani. Mimi huiwasha kila Jumamosi ili betri isife, nakaa ndani yake mpaka jirani wa juu alalamikie moshi.

Jumapili moja wakwe wa mwana wetu walikuja kututembelea baada ya ibada. Mmoja wao, kwa adabu tu, akamuuliza mume wangu kama ni kweli aliwahi kufika jangwani. Nilikuwa jikoni namimina chai. Nilingoja lile "kuzuri" lake. Badala yake nikamsikia anawaambia kuhusu ngamia mweupe kama maziwa ya kwanza, na mtoto aliyefichwa nyuma ya miguu. Akawaambia kuhusu kivuli cha wingu. Akawaambia Chalbi ilivyong'aa kijivu siku ile, na maji yalivyosimama kwenye nyufa, na mstari mwembamba wa zambarau mwisho wa macho. Aliongea mpaka chai ikapoa kwenye birika, na wageni hawakujua kwamba siku hiyo anayoisimulia hakuwa anaona.

Nilisimama kwenye mlango wa jikoni nikimsikiliza. Ningepaswa kuridhika. Sauti ile niliyoifuata mpaka Kargi ilikuwa sebuleni kwangu Majimbo, kati ya vitambaa vya makochi na sahani ya maandazi. Lakini kadiri alivyoongea ndivyo nilivyozidi kupata hamu ya mahali penyewe, ya vumbi lile jeupe, ya kushika usukani na kumwambia mtu kilichoko mbele.

Wageni walipoondoka nikamuuliza, "Mwezi wa nane, unaonaje?"

Akainyoosha miguu yake mmoja baada ya mwingine, akaisikiliza.

"Mwezi wa nane ni baridi huku," akasema.

"Huko si baridi."

"Huko, hapana."

Nje manyunyu yalikuwa yameanza tena. Nilikusanya vikombe, nikavipeleka jikoni, na nilipokuwa naviosha nikajikuta nahesabu vituo kwa mdomo, Nkubu, Meru, Isiolo, Archer's Post, Merille, huku maji ya bomba yakinitiririkia mikononi, baridi mno.